Mjadala: Halmashauri zinyang'anywe kazi ya kupanga miji?

Mtoa hoja:
Kila ikitokea bomoabomoa, wapo wanaosema halmashauri zimeshindwa, kazi ya kupanga miji ipewe wakala mmoja wa taifa. Napinga.

Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 inazitambua halmashauri za majiji, manispaa, miji na wilaya kuwa mamlaka za upangaji. Chombo cha juu tulishawahi kuwa nacho: CDA, yaani Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu kule Dodoma, tangu 1973 hadi Rais Magufuli alipoivunja 2017 na kazi zake kwenda halmashauri. Dodoma ilipangika kuliko Dar es Salaam, hilo nalikubali. Lakini mwananchi wa Dodoma alimilikishwa ardhi kwa miaka 33 wakati kwingine hati ni ya miaka 99, na diwani wake hakuwa na meno.

Tatizo liko chini zaidi. Tazama mashamba yanavyokatwa viwanja Chanika au Goba, pembezoni mwa Dar es Salaam. Watu wanapima kwa hatua, 20 kwa 20, wanakwenda serikali ya mtaa, mwenyekiti anashuhudia, anagonga muhuri, na mara nyingi anadai asilimia 10. Haulizi mtu mchoro wa mipangomiji, ile ramani ya eneo lipi ni la matumizi gani, unasemaje. Miaka inapita, nyumba imeezekwa, watoto wanalala ndani, ndipo anakuja mtu na rangi nyekundu kuchora X. Eti hukuwa na kibali cha ujenzi. Na ule muhuri? Mtaa si uko ndani ya halmashauri hiyohiyo?

Nasema mchoro ulioidhinishwa ubandikwe kila ofisi ya mtaa, na muhuri usigongwe kabla mnunuzi hajaonyeshwa kiwanja chake kimeangukia matumizi gani.

Mchangiaji:
Kaka, sehemu nyingi huo mchoro wenyewe haupo. Utabandika nini? Sisi tumechanga hela za urasimishaji, yaani kupimiwa na kupewa hati pale tulipokwishajenga, mawe ya mipaka yamewekwa, hati hatujaziona mpaka leo.

Mtoa hoja:
Hapo umegusa penyewe, dada. Pasipo na mchoro, halmashauri ianze na barabara, mitaro, shule na zahanati. Hizo zitengewe nafasi kabla shamba halijakatwa. Upimaji wa kiwanja kimoja kimoja unaweza kusubiri, lakini njia ikishajengewa hairudi bila fidia na machozi. Na hela mliyochanga, mbaneni diwani wenu aidai taarifa yake kwenye baraza la madiwani. Ingekuwa wakala wa taifa, mngembana nani?