Naomba ushauri: mafunzo ya afya ya mazingira kwa muuguzi
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za kazi.

Mimi ni muuguzi wa stashahada, zahanati ya jirani na machimbo madogo ya dhahabu mkoani Geita. Wachimbaji wengine huchomea nyumbani dhahabu yenye zebaki, na mvuke wake huvutwa na familia nzima. Nikipokea mtu anayetetemeka mikono na kusahausahau, sijui hata nianze kumuuliza nini. Naumia, hasa kwa wajawazito. Chuoni tulisoma vyoo, maji na taka; sumu hizi tulizipitia juujuu.

Nimemuuliza afisa afya wa kata, kozi anazozijua ni za maafisa afya tu.

Je, kuna kozi inayopokea wauguzi, niisome nikiwa kazini? Na Baraza la Uuguzi na Ukunga litaihesabu nikihuisha leseni?