Kundi la "Wajukuu wa Bibi, Wete": Rahma achukue PCB au CBG?

Mama Rahma (Wete): Assalaam alaykum jamaa zangu. Rahma kapewa fomu ya kuchagua tahasusi ya kidato cha tano, inarudi skuli Jumatatu. Tokea jana nyumba haina raha. Baba yake anataka PCB (Fizikia, Kemia, Bailojia), mwenyewe anataka CBG (Kemia, Bailojia, Jiografia). Wenye kujua tusaidieni, musije mukanijibu Jumanne.

Mjomba Suleiman (Dar): Wa alaykum salaam. PCB. Ukoo huu unataka daktari.

Shangazi Mgeni (Micheweni): Allah atujaalie.

Dada Zuwena (Unguja): Kwanza tuleteeni matokeo. Hatuwezi kumchagulia bila ya kuona alama zake.

Mama Rahma: Jiografia A, Kiswahili A, Bailojia B, Kemia C, Kiingereza C, Fizikia D, Hisabati D. Divisheni ya pili, pointi 18 za masomo saba bora.

Dada Zuwena: Mashaallah! Hongera Rahma 👏👏

Mjomba Suleiman: Hapo PCB anaingia bila ya tabu. Fizikia atakaza buti.

Ami Maalim (Chake): Wa alaykum salaam nyote. Nimetoka msikitini ndiyo nasoma sasa. Vidato vya tano na sita ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nistahamilieni, nitaandika kwa urefu.

Tuanzie chuoni turudi nyuma. Kila mwaka TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, hutoa mwongozo wa udahili, na ndani yake kila kozi ya kila chuo imeandikwa inataka prinsipo, yaani ufaulu kamili wa kidato cha sita, za masomo gani. Wazazi wengi huufungua mwongozo ule mtoto akishamaliza kidato cha sita. Wakati huo masomo yameshasomwa, hakuna cha kubadilisha. Ufungueni sasa.

Udaktari wa binadamu unataka prinsipo za Fizikia, Kemia na Bailojia, zote tatu. Mwenye CBG hata akipata A tatu haombi udaktari. Uhandisi unataka Hisabati ya Juu na Fizikia, kwa hiyo hapo ni tahasusi kama PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati). Hayo hayana majadiliano, mfumo wenyewe unamkataa.

Halafu pointi za kidato cha sita za kuombea chuo. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Prinsipo inaanzia E, yaani alama 40. S ni ya 35 mpaka 39, inahesabiwa nusu pointi na si prinsipo. Cha chini kabisa kuingia digrii ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4, na kozi zenye watu wengi hawakuchukui kwa hizo 4.

Baba Rahma (Wete): Kaka, mimi simlazimishi. Ninachoogopa ni kumfungia mtoto njia. Akisoma PCB na udaktari ukamkataa, atakwenda kwengine. Akisoma CBG, udaktari umeshafutika kabla hajaanza. Ndiyo hesabu yangu hiyo.

Ami Maalim: Hesabu yako ni ya kweli na wala siipuuzi. Kozi nyingi zinazomtaka mtu wa CBG zinamchukua na wa PCB, maana Kemia na Bailojia zipo kwote kuwili. Lau Rahma angekuwa na B ya Fizikia ningekuwa upande wako bila ya kufikiri.

Lakini tazama zile D mbili pamoja. Fizikia ya kidato cha tano haiendi bila ya hisabati. Makenika, umeme, mawimbi, kila pahala kuna vekta na kalkulasi. Mwenye Hisabati ya D anajifunza hisabati yenyewe na Fizikia kwa wakati mmoja, na muda ni mchache: unaingia Julai, mtihani wa taifa ni Mei ya mwaka wa mwisho. Ninachokiona darasani ni kwamba mtoto huyo jioni zake zote zinakwenda kwenye Fizikia. Kemia inashuka kwa kukosa muda, halafu Bailojia nayo, ile aliyokuwa anaipenda. Anatoka na E ya Fizikia, D ya Kemia, D ya Bailojia. Hiyo ni PCB kwa jina, na udaktari nao haumchukui.

Wapo walioingia na D wakapanda, nawajua. Walikuwa wanaitaka Fizikia wao wenyewe.

Mjomba Suleiman: Sasa Maalim, kwa hiyo ndoto ya daktari tuizike?

Ami Maalim: Suleiman, ndoto ya nani? Mwenyewe tumemuuliza?

Bibi: 🎤 [Sauti: "Nyote munasema, mtoto simsikii. Rahma mwanangu, sema. Hakuna wa kukugombeza."]

Rahma: Shikamooni nyote. Nisameheni nimekaa kimya, nilikuwa nasoma tu.

Mimi udaktari sijawahi kuutaka. Naupenda kwa heshima yake, lakini nikifikiria kukaa na wagonjwa siku zote moyo hauendi. Kila likizo nikiwa kwa Shangazi Micheweni tunakwenda kwenye mwani. Kina mama wote wanasema zamani walikuwa wanapanda mwani wa kotonii na bei yake ni nzuri, sasa inaoza inakufa, wamebaki na aina nyengine, spinosamu, ambayo bei yake haitoshi hata kununulia kamba. Nimemuuliza mwalimu wa Bailojia akaniambia ni maji ya bahari kupata joto, mwani unadhoofika halafu unaingia maradhi. Nataka kusoma hayo. Nataka kujua unaweza kupandwa vipi usife. CBG ina Kemia, Bailojia na Jiografia, yote matatu nayataka kwa kazi hiyo.

Shangazi Mgeni: Mwanangu umenitoa machozi. Maji ya bamvua siku hizi ukikanyaga kwenye kidimbwi unahisi kama umetiwa kwenye sufuria. Kotonii tukitaka tuifuate kwenye maji ya kina, na wangapi katika sisi wanajua kuogelea? Kama kuna elimu ya jambo hili, kasome uje utwambie na sisi.

Dada Zuwena: Rahma, elimu ipo na iko karibu. Buyu hapa Unguja kuna Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na utafiti wa mwani ni katika kazi zao. SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ipo. SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo Morogoro, kuna kilimo, lishe, sayansi ya chakula. Ingia kwenye mwongozo utazame kila kozi inataka nini, usinifuate mimi kwa maneno.

Mjomba Suleiman: Na kazi? Nauliza kwa mapenzi. Digrii ya mwani ataajiriwa na nani?

Dada Zuwena: Swali la haki, mjomba. Zanzibar sasa ina Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi. Kuna ufugaji wa majongoo bahari na kaa, kuna usarifu wa mwani, kuna ukaguzi wa chakula, kuna mazingira. Sisemi kazi zinamsubiri mlangoni. Lakini hata madaktari wapo waliomaliza na wanasubiri ajira, tunawaona. Tusimpime CBG kwa kipimo ambacho PCB hatuipimi nacho.

Baba Rahma: Mmh.

Ami Maalim: Na niseme hili ili moyo wa Suleiman utulie. Rahma kafaulu Fizikia, Kemia na Bailojia kidato cha nne. D ni ufaulu. Mbele huko akibadilika, njia ya stashahada ya utabibu ya miaka mitatu inatazama cheti hicho hicho cha kidato cha nne, na mwenye stashahada yenye GPA (wastani wa alama) nzuri anaomba digrii. Ni njia ndefu, na wapo wanaoipita mpaka wakawa madaktari. Kwa hiyo, ndugu yangu Baba Rahma, CBG haimfutii kila kitu kama unavyoogopa.

Baba Rahma: Hilo la stashahada nilikuwa silijui.

Hamadi (Mkoani): Ami, na mimi nipo kidato cha tatu. Nataka kile chuo cha Kihindi, IIT Madras ya Bweleo Unguja, mambo ya data na akili mnemba. Nisome nini?

Ami Maalim: Hisabati, Hamadi. Hisabati asubuhi, Hisabati jioni. Wana mtihani wao wa kuingilia. Lenga PCM, na Fizikia usiiache hata siku moja.

Dada Zuwena: Ami, na zile tahasusi mpya za 2024? Kuna za lugha, dini, michezo, sanaa. Rafiki yangu mtoto wake anataka moja katika hizo.

Ami Maalim: Ni nzuri, watoto wenye vipaji vyengine nao wamefikiriwa. Aulize mambo mawili kabla ya kuandika: skuli gani ina walimu wa masomo yote matatu, na kozi gani ya chuo inayataka masomo hayo. Akipata majibu yote mawili, aandike kwa roho safi.

Mama Rahma: Maalim, naogopa kitu kimoja. Hii D ya Hisabati, CBG haina Hisabati kweli?

Ami Maalim: Ahsante shemeji, hili nusura nilisahau. Ana BAM, ile Hisabati ndogo. Mtu wa sayansi asiyesoma Hisabati ya Juu anaisoma BAM. Haihesabiwi prinsipo, na kwa sababu hiyo wanafunzi wanaidharau. Wasiidharau. Takwimu za utafiti wa bahari anazozitaka Rahma zinaanzia humo. Na Jiografia ya kidato cha sita ina ramani, takwimu, upimaji, si ya kuhadithiana kama ya kidato cha pili. Ile A yake ataitolea jasho.

Rahma: Nimekubali ami. Nitasoma.

Mjomba Suleiman: Rahma, mimi nilitaka daktari kwa sababu ya marehemu mama yetu, tulivyohangaika naye. Lakini nimekusoma ulivyoandika na sina la kukupinga. Ada ya vitabu vya kidato cha tano nipelekeeni mimi.

Mama Rahma: Allah akuzidishie kaka 🤲

Baba Rahma: Haya. Chaguo la kwanza CBG, natia saini. Kaka, chaguo la pili tuandike nini? Mjomba wake ataona raha tukiandika PCB.

Ami Maalim: Usimfurahishe mtu kwa chaguo la pili, maana anaweza kupangiwa hilo hilo. Aandike lile ambalo akipangiwa ataamka asubuhi kwenda. Ana A ya Jiografia na A ya Kiswahili. Rahma, HGK (Historia, Jiografia, Kiswahili) utaiweza?

Rahma: Naiweza, ila Historia sijaipenda sana. HGK bora kuliko PCB.

Ami Maalim: Basi iandike. Zuwena atakutumia mwongozo wa TCU usiku huu, utoe kozi tatu unazozitaka na masomo yanayotakiwa, uziandike kwa mkono wako. Jumamosi njoo Chake na karatasi hiyo na daftari lako la Hisabati la kidato cha nne. Tunaanza BAM kutoka kwenye milinganyo.

Rahma: Saa ngapi ami?

Ami Maalim: Saa 2 asubuhi. Panda gari ya mapema.