Wiki moja Uturuki: Istanbul pekee, au pamoja na Cappadocia na Pamukkale?

Mwana wa Pangani:
Ndugu zangu, mwishoni mwa Aprili ninatarajia kwenda Uturuki kwa wiki moja pamoja na mama yangu, ambaye magoti yake hayamruhusu kutembea mwendo mrefu. Yeye anatamani kuswali katika misikiti mikubwa ya Istanbul, nami nimevutiwa na maputo makubwa yabebayo watu angani huko Cappadocia na vidimbwi vyeupe vya Pamukkale. Je, siku zitatosha kwa yote, na kama hazitoshi, niache kipi?

Bi Makadara:
Mwanangu, iache Pamukkale. Matuta yale ya chokaa hayakanyagwi kwa viatu, na njia ya kupandia ina mikunjo inayochoma nyayo na sehemu zinazoteleza. Tena picha nyingi zinapotosha kidogo: maji ya chemchemi, yenye joto la takriban nyuzi 35, huelekezwa kwa zamu ili chokaa iendelee kuwa nyeupe, hivyo vidimbwi vingi utavikuta vikavu.

Istanbul ndiyo ya kupewa siku. Mpandishe mama kivuko cha Eminönü kwenda Kadıköy, ambacho kwa nauli ya kawaida ya mjini kitawatoa Ulaya na kuwafikisha Asia kwa muda wa dakika 20 hivi, huku mkinywa chai katika bilauri ndogo na shakwe wakidaka hewani vipande vya simit, ule mkate wa duara wenye ufuta, wanavyorushiwa na abiria. Kwangu mimi, safari hiyo inaupita mji wote kwa utamu. Kuhusu Hagia Sophia, iliyokamilika mwaka 537 ikiwa kanisa na kurejeshwa kuwa msikiti mwaka 2020, watalii hulipa kiingilio na kupandishwa ghorofani, ilhali waendao kuswali huingia chini bila malipo. Kwa hiyo mama hana ngazi za kupanda wala tiketi ya kukata. Na mkitaka kuzuru Soko Kuu la Istanbul, kumbukeni kuwa hufungwa Jumapili.

Kaskazi:
Naafikiana na Bi Makadara, ila nisingependa uikose Cappadocia, kwani ndege kutoka Istanbul hadi Kayseri au Nevşehir huchukua saa moja na ushei tu. Majivu ya volkano za kale, zikiwemo Erciyes na Hasan, yalishikamana yakawa jiwe laini, kisha mvua na upepo vikalichonga kwa karne nyingi. Pale ambapo tabaka gumu lilibaki juu, nguzo zimesimama kama zilizovishwa kofia. Kwa kuwa jiwe lenyewe lachimbika kwa urahisi, watu walitoboa humo nyumba, makanisa na hata miji ya chini ya ardhi, na ule wa Derinkuyu unashuka takriban mita 85. Huko usimpeleke mama, maana vichochoro vyake ni vyembamba na vya kuinama.

Puto nalo halimfai: kikapu hupandwa kwa kurukia ukingo, na wakati wa kutua abiria hutakiwa kukunja magoti. Mtafutie hoteli ya Göreme, huko huko Cappadocia, yenye baraza juu ya paa, ayatazame maputo kuanzia alfajiri akiwa amejifunika blanketi, kwa sababu asubuhi za Aprili huko ni za baridi kali. Laleni angalau usiku mbili, kwani upepo ukizidi maputo hayaruki, na mwenye siku moja pekee hana siku ya akiba.