Kila nikifungua ukurasa wake najiona si kitu. Naombeni ushauri

Mleta mada: Habari zenu wapendwa. Nina miaka 31, nimejifungua miezi mitano iliyopita. Kuna dada nilisoma naye, tulijifungua karibu pamoja. Yeye tumbo limesharudi, kazini kapandishwa cheo, kila siku kapendeza. Mimi hata kuchana nywele ni shughuli.

Jana saa saba usiku mtoto ananyonya, mimi kwa mkono mmoja nakuza picha yake nione kama naye ana michirizi tumboni. Kidole kikateleza, nikalaiki picha ya miaka mitatu nyuma! Nimeitoa haraka, ila najua ameona. Simchukii, jamani. Lakini siku hizi hata mume wangu akinisifia, nahisi ananihurumia tu. Nifanyeje?

Mama Pacha: Hapo kwenye laiki nimecheka hadi nimeamsha watoto. Pole shosti. Mimi ilinikuta kwa wifi yangu.

Mpenda Vitabu: Mwanasaikolojia wa Marekani, Leon Festinger, aliliandika hili mwaka 1954: mtu hupenda kujipima na anayefanana naye. Ndiyo maana malkia hakunyimi usingizi, anakunyima uliyekaa naye dawati moja. Usijiite mchawi bure. Kasoro ni kwamba wewe unajijua mzima mzima, yeye unamjua kwa picha alizochagua.

Bi Mdogo: Mimi kwetu ndiye huyo wa picha nzuri. Ile iliyomliza binamu yangu ilikuwa ya arobaini na ngapi sijui kupigwa siku hiyo, nimebana pumzi, mtoto analia pembeni. Ufaransa tangu 2017, tangazo lenye mwanamitindo aliyepunguzwa au kunenepeshwa mwili kwa kompyuta lazima liandikwe kwamba picha imerekebishwa. Sisi wa mitaani nani atatuandikia?

Jembe: Si umfungie tu? Mbona rahisi.

Mama Pacha: Jembe, wewe umejifungua lini?

Bi Mdogo: Ila kwa hili Jembe hajakosea sana. Zima machapisho yake angalau hadi mtoto aanze kulala usiku. Saa saba usiku, na usingizi huna, hakuna mwanamke anayejiona mzuri.

Mleta mada: Asanteni, nimezima. Sasa hamtaamini, ameniandikia inboksi: "Nimeona laiki yako, za siku nyingi! Mwenzangu unawezaje kunyonyesha mpaka leo? Mimi maziwa yalikata mwezi wa pili, nikiona picha zako na mtoto nalia." Nimeisoma mara nne. Nimjibuje?