Wakuu, nitajuaje risiva (mdakaji wa pasi) wa NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, ni mkali kweli au anabebwa tu?

Mgeni_wa_Baridi: Wakuu habari za saa hizi. Niko Minneapolis huku mwaka wa nne, kazi ghalani, mpira nilokulia ni Simba na Yanga, sasa washkaji wa kazini wameniingiza kwenye fantasi yao ya NFL, unachagua wachezaji wa kweli na wanachofanya uwanjani kinakupa pointi. Mwaka jana nilichagua marisiva kwa kuangalia tachidauni (yale mabao yao) tu, nikashika mkia, na anayeshika mkia ndo anawanunulia wote msosi. Naombeni mnielekeze, mkali unamjuaje?

Dada_wa_Tanga: Pole mdogo wangu 😂 Tachidauni zinadanganya sana. Calvin Johnson wa Lions 2012 alipiga yadi 1,964 kwa mipira aliyodaka, akavunja rekodi ya Jerry Rice ya msimu mmoja, na tachidauni zake zilikuwa 5 tu. Timu yenyewe ilishinda mechi 4. Wewe ungemuacha huyo!

Kocha_wa_Kochini: Angalia amerushiwa mipira mingapi, usiishie kwenye aliyodaka. Huyu karushiwa 150 kapata yadi elfu, yule karushiwa 110 kapata elfu hiyohiyo, mi nambeba wa pili. Halafu uliza nani anamrushia. Risiva DeAndre Hopkins 2015 pale Texans walimrushia makwotabeki (warusha mpira) wanne tofauti msimu mmoja na bado kadaka mara 111, yadi 1,521.

Mgeni_wa_Baridi: Kama straika anayefunga huku mawinga wanabadilishwa kila wiki, hapo nimekusoma. Ila risiva Davante Adams si alikuwa anabebwa na Rodgers, kwotabeki wake pale Packers?

Kocha_wa_Kochini: Ndo walivyosema. 2022 akahamia Raiders, yadi 1,516, tachidauni 14. Wakanyamaza.

Dada_wa_Tanga: Na uangalie miguu jamani, sio namba tu. Shida ya tivii kamera inakimbiza mpira, kwahiyo subiri marudio, tazama hatua zake tatu za mwanzo, beki anageuzwa kiuno au anatembea naye bega kwa bega? Wapo wanaodaka mipira mizuri sana huku beki yuko mgongoni kila siku, inapendeza machoni ila maana yake hajui kumkimbia mtu. Na mwingine anawekewa mabeki wawili mechi nzima, hadaki kitu, wenzake wanakula bure. Huyo humuoni kwenye takwimu.

Mzee_wa_Pointi: Nyie mnampoteza kijana. Fantasi hailipi ukali, inalipa namba! Mkali kwenye timu isiyorusha mpira utalala naye njaa.

Dada_wa_Tanga: Kauliza mkali, hajauliza anayelipa.

Mzee_wa_Pointi: Kauliza asinunue msosi 😂

Mgeni_wa_Baridi: Hahaha yote mawili wakuu. Halafu nimesahau, ligi yetu kila mpira unaodakwa una pointi yake hata kama hujasogea yadi moja.

Kocha_wa_Kochini: Si ungeanza na hilo ndugu yangu!! Basi tafuta hawa wafupi wafupi wanaocheza katikati, wanaodaka vipasi vya yadi tano tano kutwa nzima. Draft, ile siku ya kuchagua wachezaji, lini?

Mgeni_wa_Baridi: Leo saa mbili usiku.