Mjadala: Raspberry Pi iingie sebuleni kwa familia, au ibaki na mafundi na viwanda?

Mleta mada:
Wakuu, mimi ni mpenzi wa siku nyingi wa Raspberry Pi, zile kompyuta ndogo za bei nafuu kutoka Uingereza, kwa hiyo msinione adui. Hii kampuni inatengeneza kompyuta nzuri ya nyumbani halafu inaiuza kama inaona haya.

Kumbukeni ilikoanzia. Mwanzilishi Eben Upton na wenzake pale Chuo Kikuu cha Cambridge waliona waombaji wa masomo ya kompyuta wanapungua, na wanaokuja wengi hawajazoea kuandika programu. Waliowatangulia walikulia kwenye BBC Micro na ZX Spectrum, kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980: unawasha, unakutana na BASIC, lugha ya kuandikia programu, unaanza kuchokonoa. Ndipo Februari 2012 ikatoka Raspberry Pi ya kwanza, kompyuta nzima kwenye bodi moja tupu, dola 35. Hata majina Model A na Model B yametoka kwa BBC Micro.

Bodi ikavuma, ila kwetu sisi tunaopenda nyaya. Mzazi wa kawaida ukimkabidhi bodi tupu atakuuliza kompyuta yenyewe iko wapi. Novemba 2020 wakamjibu kwa Pi 400: kompyuta nzima ndani ya kibodi, dola 70, au 100 ukitaka na mausi, adapta, kadi, kebo na kitabu cha kuanzia. Desemba 2024 ikaja Pi 500 kwa dola 90, au 120 na vikorombwezo vyake. Unachomeka kwenye TV, basi. Sasa nani nje ya kundi letu amewahi kukutana na tangazo lake?

Natamani waache kunadi gigabaiti. Wamwambie mzazi: mtoto atafanyia hapa kazi za shule, atajifunza kuandika programu kwa Scratch na Python, na TV unayo tayari. BBC Micro haikutupwa dukani ijiuze. BBC ilirusha vipindi vya kufundisha watu kompyuta, na serikali ya Uingereza ikachangia nusu ya bei kwa shule. Watu walijua wananunua kwa ajili ya nini.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, umeongea kishabiki. Sehemu kubwa ya Pi leo inaenda viwandani: mitambo, mabango ya kidijitali, vifaa vya kupimia. Mteja wa kiwanda anaagiza kwa maelfu na hapigi simu kuuliza nywila ya Wi-Fi. Na tangu Juni 2024 kampuni ipo Soko la Hisa la London, wenye hisa wanataka faida.

Halafu hao Acorn waliotengeneza BBC Micro unayoililia, umesahau yaliyowakuta? Mwaka 1983 walitoa Electron, ya bei nafuu kwa ajili ya majumbani. Wakaitangaza kwa nguvu, Krismasi ikafika, mashine hazitoshi. Mwaka uliofuata zikajaa ghalani, soko limepoa. Mwaka 1985 ikabidi kampuni ya Olivetti ya Italia iwaokoe.

Mleta mada:
Electron iliponzwa na chipu yake kuu, ULA, iliyochelewa kutoka, siyo tangazo. Wenye tangazo walifanya kazi yao mpaka watu wakapanga foleni! Pi inaundwa kwenye kiwanda cha Sony kule Wales, na uzoefu wanao.

Hilo la viwanda silipingi. Kwenye uhaba wa 2021 hadi 2023 walitanguliza wateja wa biashara, sisi tukabaki kununua kwa walanguzi. Niliumia, ila naelewa, kuna watu wangefunga kampuni zao. Lakini kampuni hii imezaliwa na taasisi ya hisani, Raspberry Pi Foundation, yenye lengo la kuwafundisha watoto, na ilipoingia sokoni taasisi hiyo ilibaki mwanahisa mkubwa. Mtoto asipoiona Pi nyumbani, huyo mhandisi wa kesho wa kuipeleka kiwandani atatoka wapi?

Mchangiaji wa pili:
Nyie mnabishana ya Uingereza. Huku kwetu mpinzani wa Pi 500 ni laptop ya mtumba kutoka Ulaya. Ina skrini, ina betri. TANESCO wakikata umeme unaendelea na kazi. Pi 500 umeme ukikatika, ulichokuwa hujakihifadhi kimekwenda. Tangazo gani litafunika hilo?

Mchangiaji wa tatu:
Mimi nauliza tu: hiyo TV saa mbili usiku ni ya nani? Baba taarifa ya habari, mama tamthilia. Mtoto na Python yake atapewa zamu saa ngapi?

Mleta mada:
Hahaha, hilo la zamu limenishika. Ndiyo maana pamoja na Pi 500 walitoa skrini yao ya inchi 15.6, dola 100, inayoweza kuchukua umeme kutoka kwenye Pi yenyewe. Wafunge vyote kwenye boksi moja, wapeleke shuleni kwanza, mzazi aione siku ya kikao cha wazazi. Badala yake Septemba 2025 wakatoa Pi 500+ ya dola 200, kibodi ya mekanika yenye mataa ya rangi. Hiyo ni ya wakongwe kama mimi. Naipenda, ila mtoto wa darasa la sita haihitaji.

Mchangiaji wa pili:
Kwa hiyo kwa bei zilizotoka nazo, 120 na 100, ilikuwa dola 220, kabla ya usafiri na ushuru, na bado haina betri. Tena bei za chipu za kumbukumbu zimepanda, na wao wameshapandisha bei za bodi zao. Wakiongeza betri ndani ya hiyo kibodi, niite tuanze upya.