Tupeane uzoefu: Vyuma vya mazoezi na kutu ya Tanga

Mleta mada, Raskazone
Assalaam aleikum na habari za asubuhi, wanajamvi. Leo mke wangu amenikunjulia shati langu jeupe mbele ya wageni, na kifuani pake palikuwa na nusu duara la rangi ya kahawia, alama ya sahani ya uzito ya kilo 10 niliyoikumbatia jana jioni nikiihamisha barazani. Vyuma hivyo nilivinunua vikiwa vyeusi ti, nikaviweka mahali penye upepo mzuri wa bahari, na masika moja tu yametosha kuvivalisha kanzu ya kutu. Mji wetu husifiwa kwa waja leo waondoka leo, lakini mgeni huyu amekuja na hana dalili ya kuaga. Naomba tupeane uzoefu: vyuma vyako unavitunzaje, na ni kosa gani lililokuumiza zaidi?

Fundi wa Ngamiani
Ndugu yangu, huo upepo mzuri ndio adui yako. Upepo wa bahari hubeba chumvi, chumvi huvuta unyevu, na chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, kisichopakwa kitu hakina pa kujificha. Tena jasho letu nalo lina chumvi, kwa hiyo hata aliye Korogwe asijidanganye. Mimi husugua kwanza kwa brashi ya waya, kisha huilaza sahani kwenye beseni la plastiki na kuifunika kwa siki nyeupe usiku mmoja. Asubuhi husugua tena, huiosha kwa maji yenye magadi ili kuua ukali wa siki, halafu huikausha papo hapo kwa kitambaa na kuianika juani. Ukizembea hapo kwenye kukausha, ukaenda kunywa chai kwanza, utaikuta imeshashika kutu mpya ya rangi ya chungwa. Ikishakauka, hupaka rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya mafuta mikono miwili.

Mkazi wa Makorora
Naunga mkono hoja ya chai. Yalinikuta.

Mnyanyuaji wa Chumbageni
Fundi, kwa heshima zote, rangi ni kazi ya bure. Sahani zikigongana rangi hubanduka, na kutu huanzia pale ilipobanduka ikatambaa chini kwa chini hadi siku utakapoona rangi imevimba kama chapati. Mimi hupaka mafuta ya nazi mepesi kila Ijumaa na sijawahi kujuta.

Fundi wa Ngamiani
Mafuta ya nazi ni ya wali na nywele, kaka. Joto likishuka chini ya takriban nyuzi 24 huanza kuganda, na asubuhi za Julai utakuta sahani imepakwa kitu kama samli, imenasa vumbi na sisimizi wako kazini. Kama ni lazima upake mafuta, tumia ya cherehani, tone chache kwenye kitambaa, kisha ufute kwa kitambaa kingine kikavu.

Dada wa Sahare
Hilo la kufuta kwa kitambaa kikavu liandikwe kwa wino mwekundu. Kaka yangu alipaka mafuta bila kufuta, nami nikaenda kuishika sahani ya kilo 15 kwa mkono mmoja kama nilivyozoea, ikaniponyoka na kunitua kwenye kidole gumba cha mguu. Ukucha ulitoka wote, na harusi ya binamu yangu nilihudhuria kwa ndara.

Mkongwe wa Mikanjuni
Mmenikumbusha jambo ambalo sijapenda kulisimulia. Tulikuwa na chumba cha mazoezi nyuma ya nyumba ya kupanga, na stoo yake haikuwa na dirisha. Nililaza sahani nane kwenye siki, nikaenda zangu kulala. Asubuhi nilipofungua, maji yalikuwa yamegeuka rangi ya chai ya rangi, kutu imelegea lakini imebaki kwenye namba na maandishi yaliyochomoza. Kwa akili yangu ya wakati ule nikaona kwamba, ikiwa siki imefanya nusu ya kazi, basi jiki itaimalizia. Nikamimina karibu nusu chupa, nikainama na brashi. Sikuona moshi wowote wa kutisha. Niliisikia kwanza harufu kali kuliko ya jiki yenyewe, kisha macho yakawaka, koo likafunga, na kila nilipojaribu kuvuta pumzi kifua kilikataa kama mlango uliofungwa kwa ndani. Nilitoka kwa kutambaa. Mama mwenye nyumba alinivuta hadi uani, akaniosha macho kwa maji mengi, akawakataza vijana waliotaka kuingia kuokoa vyuma. Hospitali nilipewa oksijeni na kulazwa usiku mmoja, na daktari alinieleza kwamba siki na jiki zikikutana hutoa gesi ya klorini. Kikohozi kilinikaa wiki tatu. Sahani zile nilizigawa bure.

Mkazi wa Makorora
Subhanallah. Pole sana, mzee wangu.

Kijana wa Duga
Shikamoo mzee, na pole. Je, hukupewa maziwa? Kwetu mtu akivuta sumu hupewa maziwa haraka.

Dada wa Sahare
Hapa Tanga kila ugonjwa tiba yake ni maziwa. Maziwa huenda tumboni, mdogo wangu, na gesi ilikwenda mapafuni. Mtu hutolewa kwenye hewa safi na kupelekwa hospitali.

Kijana wa Duga
Dada, sikusema yanatibu, nimeuliza tu. Basi.

Mnyanyuaji wa Chumbageni
Mzee, umezigawa bure kwa nani? Nauliza kwa sababu mwaka ule nilipewa sahani nane na mtu wa Mikanjuni, na zina namba zenye kutu hadi leo.

Mkongwe wa Mikanjuni
Kama moja ina pengo ukingoni, ndizo. Zitumie kwa amani.

Mwalimu wa Usagara
Naomba turudi kwenye rangi, maana kuna kero yangu. Vijana wa mtaani kwangu walibakiwa na rangi nyekundu ya geti, wakazipaka sahani za kilo 10. Katika mashindano ya kunyanyua uzito nyekundu ni kilo 25, bluu 20, njano 15 na kijani 10. Alikuja mgeni anayejua taratibu hizo, akaweka nyekundu upande mmoja na ya kweli ya kilo 25 upande wa pili, na mtaimbo ukamlalia begani.

Kijana wa Duga
Mwalimu, geti letu lilihitaji rangi na vyuma vilihitaji rangi. Huyo mgeni alishindwaje kusoma namba?

Mwalimu wa Usagara
Namba mlizipaka vilevile, kijana.

Mama wa Kange
Zangu ni za mpira, na naona hakuna aliyezitaja. Mimi nilizifuta kwa mafuta ya taa ili zing'ae, zikang'aa siku mbili, kisha zikawa laini na kunata mikononi. Nilielezwa baadaye kwamba mafuta huula mpira na jua huupasua. Sasa nazifuta kwa maji ya sabuni, nazikausha hasa kwenye lile tundu la chuma la katikati, na nazisimamisha kivulini.

Mkazi wa Makorora
Sahani yangu moja ya chuma ina ufa kutoka tunduni hadi ukingoni. Fundi, inachomeleka?

Fundi wa Ngamiani
Chuma cha kusubu ni kigumu lakini hakina uvumilivu. Ukikichomelea kwa vijiti vya kawaida ufa hufunguka tena kando ya mchomeleo, na huenda ukafunguka sahani ikiwa juu ya kichwa chako. Ipeleke kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Mleta mada, Raskazone
Nawashukuru. Sahani mbili za kwanza nimezilaza kwenye siki uani, si stoo, na jiki nimeipeleka jikoni. Tatizo ni moja: beseni ni la kufulia, na mwenyewe ameshauliza mara mbili liko wapi.